Daku la Siku ya Upasuaji

Mtu wa kwanza kujua kwamba mwanangu alizaliwa bila njia ya haja kubwa hakuwa daktari. Alikuwa mama mkwe wangu, mwanamke wa Hadado huko Wajir, aliyeishi na ngamia na mbuzi mpaka magoti yakamkataa, ndipo akaja kukaa nasi mjini Garissa. Nilijifungulia nyumbani kwa sababu uchungu uliniwahi kabla ya gari. Yeye na jirani mmoja ndio waliompokea mtoto. Alimwosha, akamgeuza, akamkagua nyuma kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akasema kwa Kisomali, kwa sauti ile ile ya kusema chai iko tayari, "Huyu hana njia."

Nilimuuliza njia gani. Akaniambia. Halafu akaongeza kwamba amewahi kuona vitoto vya mbuzi vilivyozaliwa hivyo, na kwamba havimalizi siku ya tatu. "Kwa hiyo tusikae," akasema. "Hilo gari likifika, litabeba watu watatu."

Mtoto wangu wa kwanza, hajatimiza saa moja duniani, na tayari amelinganishwa na mbuzi. Nilimchukia mama yule siku ile, sitaficha. Lakini hospitalini daktari alisema tumewahi sana. Wengi huletwa tumbo limevimba likawa gumu na mtoto anatapika kijani, kwa sababu nyumbani hakuna aliyefikiria kutazama. Akauliza ni nani aliyeona. Nikamwonyesha ajuza aliyeketi sakafuni amevua viatu, maana viti vya hospitali haviamini. Daktari akamwamkia kwa heshima. Naye akamjibu, kupitia kwangu, kwamba salamu zingoje, aanze kazi.

Daktari alinichorea mambo nyuma ya karatasi ya dawa. Upasuaji ungefanywa mara tatu. Kwanza wangetoboa tumbo upande wa kushoto na kuutoa utumbo nje kidogo, ili uchafu upate pa kupitia. Mtoto akikua, wangemtengenezea njia pale panapostahili. Mwisho, njia hiyo mpya ikishapona, wangeurudisha utumbo ndani na kulishona tumbo. Aliyaeleza haya kama fundi anayeeleza bomba la maji, na nilimshukuru kwa hilo, maana angenionea huruma ningeanguka pale pale.

Upasuaji wa kwanza ulifanywa kesho yake. Kilichobaki tumboni kilikuwa kidonda chekundu, kibichi, kama ndani ya mdomo. Daktari alisema si kidonda, ni utumbo wenyewe, na hauumi ukiguswa. Mimi niliugusa kwa ncha ya kidole nikiwa nimefumba macho. Mama mkwe aliuosha kama anavyoosha kikombe.

Mifuko maalumu ya kukinga uchafu ilikuwa mikubwa kuliko tumbo lenyewe, na kwa joto la Garissa gundi yake haikushika. Tukarudi kwenye vitambaa. Mama mkwe alichana madira yake ya zamani, magauni mapana ya Kisomali, yale ya pamba iliyokwisha kuwa laini, akayakata vipande, akaviweka kwenye beseni lake jekundu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulitumia kwa jambo jingine. Kila baada ya muda mfupi tulifungua, tukaosha, tukapaka mafuta ya ngozi, tukakunja kingine. Dira moja ya kuswalia aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na mtoto hakubebwa karibu na msumari ule. Mara tano kwa siku alinikabidhi mtoto, akajitwaharisha, akavaa ile dira, akaswali, akaivua, akamchukua tena. Sikumsikia akilalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yetu sote wawili.

Baba yake mtoto huendesha lori la maji kule Dadaab, akaja nyumbani akipata nafasi. Kwa simu alikuwa akiuliza, "Anaendeleaje?" na sisi tulikuwa tukijibu, "Vizuri," kwa sababu simu haina harufu. Wageni walikuwa na adabu. Walimbeba, wakamsifia macho, wakamrudisha upesi. Shuleni ninakofundisha Kiswahili niliwaambia walimu wenzangu kwamba mtoto ana ugonjwa wa tumbo, basi. Nilimwonea haya mwanangu. Nayasema haya leo na bado yananiuma.

Upasuaji wa pili alifanyiwa Nairobi alipokaribia mwaka mmoja. Wakamtengenezea njia. Kisha wakanipa vijiti laini vya chuma vya unene tofauti, wakanifundisha kuvipaka mafuta na kuipanua njia ile mara mbili kwa siku, isije ikaziba inapopona. Miezi mingi. Ayeeyo, yaani bibi, kama mtoto alivyoanza kumwita nasi sote tukafuata, alimshika miguu na kusoma Kulhuwallahu juu ya kichwa chake. Mtoto alilia, mimi nililia, ayeeyo aliendelea kusoma. Tukimaliza alimpa tende na mimi akanipa chai.

Ilibaki mara ya tatu. Madaktari wa upasuaji wa watoto huja kwetu kwa msafara, siku tatu nne, wakafanya kazi ya miezi, wakaondoka. Msafara wa kwanza ulipofika mtoto alikuwa anakohoa, wakakataa kumlaza usingizi. Wa pili haukufika kabisa kwa sababu mvua ilikata barabara. Hapo mtoto akawa na miaka miwili na nusu, anakimbia, anatukana kuku. Siku moja nilimkuta nyuma ya ua na watoto watatu wa jirani. Wote wanne walikuwa wamechuchumaa mstari mmoja. Wenzake walimaliza wakaondoka. Yeye alibaki amechuchumaa, akajitazama chini ya miguu, akasubiri. Mimi nilisimama pale nikamtazama akisubiri, na nikaapa kwamba msafara ujao hautanipita.

Msafara ulikuja. Wakamwandika wa kwanza, saa mbili asubuhi, siku ya tatu ambayo pia ilikuwa siku yao ya mwisho. Tulilazwa siku mbili kabla, utumbo upate kusafishwa. Jioni ya mwisho muuguzi akatupa maagizo: kuanzia saa sita za usiku mtoto asile wala asinywe chochote, hata maziwa.

Sasa, kuna jambo moja ninalojivunia kama mwalimu. Sipendi kumtupia mtu maneno makavu. Nampa mfano anaoujua. Ayeeyo hana haja na saa. Saa ya ukutani kwake ni pambo. Siku yake inakwenda kwa swala. Kwa hiyo saa sita niliiacha nje, nikaona inaongeza maneno tu, nikamwambia, "Ayeeyo, kesho mtoto amefunga. Ni saumu kama ya Ramadhani. Hali, hanywi, hata tone, mpaka wamalize kazi yao."

"Saumu," akasema. "Mtoto mdogo hivi hana saumu juu yake. Na mgonjwa pia hana."

"Hii ni ya daktari."

Akafikiri. "Haya. Nimeelewa. Nenda ukaoge, binti yangu, siku mbili hujalala. Kitanda kina nafasi ya mtu mmoja, na huyo ni mimi."

Nikaenda. Nilioga, nikalala kama jiwe.

Nilirudi saa moja asubuhi nikiwa na nguo safi za mtoto. Nilimkuta amekaa kitandani anacheza na mrija wa dripu, mchangamfu, ametulia. Mwanangu asipokula asubuhi wodi nzima hujua. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, Mungu amemtia subira. Nilimbusu. Mdomo wake ulinukia samli. Hata hapo sikushtuka. Kila kitu ayeeyo anachokigusa hunukia samli.

Daktari wa kulaza watu usingizi alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, aliyetoka Kenya, kama tunavyosema hapa kwetu kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Kwenye veranda ya chumba cha upasuaji alipitia karatasi zake, akaniuliza, "Mtoto alikula mara ya mwisho saa ngapi?"

"Jana saa kumi na mbili jioni," nikasema.

Ayeeyo, ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni na hukitumia akitaka, akainua kidole. "Habana," akamwambia daktari. "Kula daku. Mbele ya adhana. Anjera na samli. Maziwa ya ngamia, kikombe mbili. Mimi naamsha yeye, nakula fizuri sana." Akatabasamu, akitarajia kusifiwa.

Daktari aliweka kalamu chini. Alinieleza polepole: mtoto akilazwa usingizi na chakula kikiwa tumboni, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hapo unaweza kumpoteza mtoto aliyekuja kushonwa tumbo tu. Anjera, zile chapati zetu laini, na samli na maziwa mazito vingehitaji muda wa saa nane kutoka tumboni. Hawezi kumgusa sasa. Angeita mtoto anayefuata, mvulana wa Ijara mwenye ngiri, na baada yake kulikuwa na wengine wawili. Wakimaliza mapema watamtazama wetu. Wasipomaliza, basi. Gari lao lilikuwa liondoke saa kumi.

Niligeuka pale kwenye veranda nikampandishia mama mkwe wangu sauti mbele ya watu. Kwetu jambo hilo halifanyiki. Nilimwambia amemharibia mtoto wangu siku yake. Nilimwambia nimengoja miaka miwili na nusu, na yeye ameitupa kwa kikombe cha maziwa. Nilimwambia yeye na ngamia wake. Wanawake waliokuwa wameketi pale waliinamisha macho.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kisomali, bila kupandisha sauti, "Ulisema ni saumu kama ya Ramadhani. Mimi nina miaka hii yote, sijawahi kuona mtu mwenye akili anayemfungisha mtoto bila kumpa daku. Sisi wazima tunakula. Yeye, mdogo hivi, mgonjwa, aingie kwenye visu na njaa?"

Daktari akauliza amesema nini, na daku ni nini hasa. Nikamweleza kwamba ni chakula kinacholiwa kabla ya alfajiri ili mtu aweze kushinda na saumu. Nikamweleza na mfano niliotoa. "Basi huyu mama amefuata maagizo," akasema. "Maagizo yako." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana maneno yale yananichoma hadi leo. Mwalimu mzima, na mfano wangu mzuri.

Ayeeyo aliondoka akaenda kukaa mwisho wa veranda, peke yake. Mtoto alikuwa akizunguka baina yetu. Kufikia adhuhuri njaa na kiu vilimshika, akaanza kuomba maji. Alikuja kwangu, nikamnyima. Akaenda kwa ayeeyo, mtu ambaye hajawahi kumnyima kitu tangu azaliwe, akamvuta shuka: "Ayeeyo, biyo. Ayeeyo, maji." Ayeeyo alimpakata, akajifunika uso kwa upande wa shuka, na mabega yake yakatikisika. Nilimwona. Ningeweza kuinuka, hatua kumi tu. Sikuinuka. Nilikuwa bado nina hasira, na hasira ya mtu anayejua kosa ni lake haina adabu hata kidogo.

Mvulana wa Ijara alitoka akiwa amelala, mama yake akimfuata anashikilia dripu. Akaingia wa pili. Wa tatu alichukua muda mrefu, na muuguzi aliyetoka hakutaka tumuulize. Ikafika saa nane mchana. Ikapita. Dereva wa msafara alikuja mlangoni akitingisha ufunguo, mtu mnene mwenye haraka, akasema kwa sauti kwamba yeye haendeshi barabara ile na giza, madaktari wakitaka walale hapa. Alisema mara mbili. Mara ya tatu alikuwa karibu kugonga mlango wa chumba cha upasuaji.

Ayeeyo aliinuka. Alichukua chupa yake ya chai, akachukua anjera zilizobaki kwenye kitambaa, akamwendea yule dereva akamshika mkono wa shati. "Dereba. Kuja. Safari refu, tumbo tubu, hiyo habana fizuri." Mtu yule alianza kukataa. Hamjui ayeeyo. Alikalishwa kwenye benchi, akamiminiwa chai ya maziwa yenye tangawizi, akapewa anjera ya kwanza na ya pili, akaulizwa mama yake yuko wapi, ana watoto wangapi, kwa nini mke hamlishi. Kila alipotaka kusimama kikombe kilijazwa. Nilimsikia akicheka. Sijui kama chai ile ndiyo iliyotupa nafasi. Daktari mwenyewe angeamua vyovyote. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyegonga mlango ule, na saa tisa na nusu ulifunguliwa kutoka ndani. Daktari wa sauti ndogo akatoka, jasho kwenye kofia, akatutazama mmoja mmoja. "Mleteni yule wa daku," akasema.

Ilichukua saa mbili. Msafara uliondoka gizani. Dereva alimuaga ayeeyo kwa mikono miwili.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kungoja. Tumbo limeshonwa, utumbo umeunganishwa, na mpaka utumbo uanze kazi yake mtoto hali, anaishi kwa dripu. Maagizo haya muuguzi aliyatoa mwenyewe, kwa Kiswahili cha pole pole, akimtazama ayeeyo na si mimi. Na tangu hapo ayeeyo akawa askari. Alikaa miguuni pa kitanda na fimbo yake magotini. Binamu wa mume wangu alileta maji ya Zamzam, ya kulainisha midomo tu, akarudishwa nayo. Imamu jirani yetu alileta asali iliyosomewa. Akaambiwa dua yake imepokewa, asali itangoja. Hata mimi nilipokunywa chai karibu na kitanda alinitazama mpaka nikatoka nje. Tulikuwa tunazungumza, yaani mambo ya lazima: nipe kitambaa, shika huyu, nenda ukaswali. Lile la veranda hatukuligusa.

Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Siku ya tatu tumbo lilianza kunguruma, na muuguzi akasema ni dalili njema. Siku ya nne mtoto alijamba. Wodi nzima ilisema Alhamdulillahi, na mtoto, ambaye hakujua ni sauti gani ile wala imetoka wapi, alishtuka akatazama chini ya kitanda.

Siku ya tano asubuhi nilikuwa nakunja shuka. Mtoto akaita, "Hooyo," yaani mama, kwa sauti ya woga, "hooyo, hooyo," akaanza kulia kama mtu aliyepata ajali. Ayeeyo alifunua shuka. Alitazama. Kisha yule mwanamke aliyesema "Huyu hana njia" kwa sauti ya kutangaza chai, alipaza sauti iliyofika langoni: "Sista! Sista, njoo! Toto nakunya!" Wanawake walipiga vigelegele. Kabla muuguzi hajafika ayeeyo alikuwa amekwisha kumpigia mwanawe simu kule Dadaab, na kitu ambacho kwa miaka miwili na nusu hatukukitaja mbele ya mgeni, alikisimulia kwa spika, rangi yake, kiasi chake, na wakati wake. Nilimsikia mume wangu akilia kwenye simu, na lori likinguruma nyuma yake.

Ayeeyo akakata simu. "Haya," akaniambia. "Msafishe."

Nilijaza kopo la maji, nikarudi, nikasimama. Mtoto alikuwa amelala chali, miguu juu, ananingoja. Na mimi nilisimama na kopo. Tumbo la mtoto huyu nimelisafisha mara nyingi kuliko nilivyochana nywele zangu. Ningeweza kulifunga na kulifungua gizani. Lakini hapa, pale ambapo kila mama niliyemjua alimsafisha mtoto wake tangu siku ya kwanza, sikuwahi kusafisha hata mara moja. Sikujua mkono uanzie wapi. Nilikuwa mama wa mtoto anayekimbia na sikujua kumtawaza.

Ayeeyo alinitazama, akaelewa. Hakucheka. Alikuja akapiga goti, magoti yale mabovu, akamimina maji, akanishika mkono wa kushoto kwenye kifundo na kuuongoza. "Kutoka mbele kwenda nyuma," akasema. "Hivi. Taratibu, ngozi yake hapa haijazoea."

Nikafanya alivyoniambia. Yeye hakuniachia mkono.

"Ayeeyo," nikasema, "nisamehe."

"Maji hayo hayatoshi," akasema. "Ongeza."